Weka Dole Hapa

Siku ya tatu pale Ligula, wodi ya majeruhi,
bwana Chilumba wa ofisini alikuja na mkate,
maziwa pakiti mbili, na kidau cha wino wa zambarau.
Akaulizia usingizi wangu. Akaulizia watoto.
Akakunjua karatasi juu ya shuka la hospitali.
"Somoe, dada yangu, jambo dogo hili.
Laki tatu hizi hapa, kiwanda kimekuhurumia.
Weka dole hapa chini, tumalizane kindugu."

Nikacheka. Wallahi nilicheka mpaka dripu ikachomoka,
nesi akaja mbio akidhani naweweseka.
Dole gani, bwana Chilumba?
Dole unalolitaka limebaki kwenye mashine yenu,
ile ya kubangulia, ya tatu kutoka mlangoni,
isiyo na kifuniko tangu msimu wa mwaka juzi,
ambayo Fatu Nandonde aliisemea mbele yako
ukamjibu: korosho hazingoji fundi.
Katafuteni humo kwenye maganda.
Mkiliona, lichovyeni wino nyie wenyewe.

Hakucheka.
Akasema, si kuna mkono wa kulia?

Miaka kumi na moja nimebangua.
Mafuta ya ganda yameichuna mikono hii
hadi mistari yake ikafutika.
Walipokuja na kile kimashine cha kusajili laini
kilinikataa mara nne, kikasema hakioni vidole,
na siku hizo ninavyo vyote kumi.
Sikujua kama na hilo ni jeraha.
Nilidhani ndiyo kazi,
unaila, inakula.

Usiku mama akanong'ona: chukua, mwanangu,
mwenye nguvu mpishe.
Laki tatu ni bati kumi, na mvua iko mlangoni.
Nikahesabu bati. Siwezi kusema sikuhesabu.
Nilianzia mkono wa kushoto,
ukaniishia kwenye tatu.

Kitanda cha pili alilazwa bibi mmoja wa Nanyamba,
na mpwa wake, Anselma, ni msaidizi wa sheria,
mwanamke mfupi, ndala zimekatika kamba moja.
Hakuwa amenijia mimi. Alileta uji.
Aliiona karatasi, akaiomba, akaisoma kwa sauti
kama mtu anayesoma bei sokoni asiyoiamini:
"Sitadai chochote, popote, milele."
Wodi nzima ikanyamaza kwenye lile milele.

Akasema: kibarua naye ni mfanyakazi.
Akasema: fidia siyo sadaka,
ya sadaka unasema asante, ya haki unaweka sahihi.
Akasema ipo fomu ya mwajiri, ipo ya daktari,
na hapa kuna mstari mtupu: nani aliona?

Tulikuwa wanawake kumi na wanne kwenye ile meza.
Wote waliona. Damu iliruka hadi kwenye mizani.
Lakini msimu umeanza, na Chilumba ana orodha,
na jina linafutwa kwa kalamu ya kawaida tu.
Kidole kimoja hakivunji chawa, tunaambiwa.
Mimi dole ndilo lililokuwa likivunja.

Fatu alikuja Ijumaa, baada ya zamu,
ananuka moshi wa ganda, hajavua hata kitambaa.
Hakukaa. Akaandika jina lake lote, na la baba yake,
akatoa simu, akanionyesha picha ya mashine
aliyoipiga asubuhi ileile, kabla haijaoshwa.
Jumatatu wakaifunga kifuniko.
Rangi ilikuwa mbichi mkaguzi alipoigusa.

Wengine wawili wakamfuata. Kumi na mmoja bado.
Siwalaumu. Nawasubiri.

Fomu sasa ziko mezani kwa mtu nisiyemjua.
Huku nyumbani bati ni zilezile, zinavuja palepale,
nami jioni najifunza kwenye daftari la mwanangu
kuandika Somoe, kwa herufi zinazopanda kilima,
asije mtu tena kuniomba dole.

Ule mkate tuliula, mimi na bibi wa Nanyamba.
Ulikuwa laini.
Anselma anasema kula siyo kukubali.